Nani Anabonyeza Kitufe?

Kuna neno limezoeleka siku hizi katika vikao vya vyuo vyetu vya afya, na husemwa kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulithibitisha: wahadhiri wetu hawajui kuandika maandiko ya kuombea fedha za utafiti. Likishasemwa, yanayofuata yanajulikana. Itaandaliwa warsha ya siku tatu, Bagamoyo au Morogoro, nje ya kituo cha kazi ili posho ilipike. Mwezeshaji atakuja na slaidi zake za mwaka juzi, watu watagawanywa katika vikundi, na siku ya tatu kabla ya chakula cha mchana vitatolewa vyeti na kupigwa picha ya pamoja. Mwaka ukigeuka, fedha hazijaja, neno lile lile linasemwa tena, na warsha nyingine inaingizwa kwenye bajeti.

Toleo hili la jarida letu limezaliwa na uchovu wa kulisikia neno hilo. Waliotuandikia hawakubaliani kwa kila jambo, na wawili watatu watanuna wakisoma ukurasa huu. Wanune salama; kurasa zao wanazo.

Mimi nashikilia jambo moja. Fedha za utafiti haziletwi na mwandishi hodari, huletwa na ofisi. Chuo chenye ofisi ya utafiti inayofanya kazi kitamvusha hata mwandishi wa kawaida, na chuo kisicho nayo kitamzamisha aliye bora.

Chukueni ombi la kwenda NIH, yaani Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, ambako wengi wetu tumekuwa tukigonga hodi. Mtafiti anaandika ukurasa mmoja wa malengo mahsusi, kurasa 12 za mkakati wa utafiti kama anaomba ruzuku ya aina ya R01, au 6 kama ni ya R21, pamoja na wasifu wake na wa wenzake. Hiyo ndiyo sehemu inayofundishwa warshani. Lakini ombi haliwasilishwi na mtafiti, maana mfumo haumpi kitufe. Anayewasilisha ni ofisa aliyeidhinishwa kukiwakilisha chuo, kwa sababu tuzo ikitoka hupewa chuo, si mtu. Ili ofisa huyo aweze kubonyeza, chuo lazima kiwe hai katika SAM, sajili ya serikali ya Marekani, na usajili huo huhuishwa kila mwaka. Ukiachwa ukafa, kuufufua ni shughuli ya wiki kadhaa. Saa ya mwisho ni 11 jioni, kwa saa za mahali ilipo taasisi inayoomba. Anayedhani saa hizo ni za Washington, na kwamba anao muda hadi usiku wa manane, amekwisha kuchelewa kwa saa saba au nane.

Nililisoma andiko moja la mhadhiri wa magonjwa ya watoto, katika chuo nisichokitaja. Lilikuwa zuri. Malengo matatu, kila moja likisimama kwa miguu yake, kiasi kwamba la kwanza likianguka la pili na la tatu yanaendelea. Kitu ambacho wapimaji wa NIH hukitafuta kabla hawajafika hata kwenye sampuli. Sasa tazameni kilichofuata. Bajeti ilimfikia mhasibu jioni ya kuamkia siku ya mwisho, kwa WhatsApp, ikiwa na mstari mmoja ulioandikwa "usafiri wa uwandani, jumla" bila idadi ya safari, lita za dizeli wala siku za dereva. Mhasibu, ambaye hajawahi kuoneshwa bajeti ya aina hiyo, alijibu kwamba mhadhiri aitishe masurufu. Nywila ya mfumo ilikuwa kwa ofisa mmoja tu, naye alikuwa likizo. Ombi halikwenda. Kwenye ripoti ya mwaka ya kitivo iliandikwa kwamba "wahadhiri wahamasishwe zaidi kuandika."

Wahamasishwe na nani, na kwa lipi?

Jambo hili halikuwa na haraka kubwa zamani, kwa sababu tulikuwa na mahali pa kujificha. Chuo cha Marekani kilikuwa mbele, sisi nyuma, fedha zikishuka kwetu kama mkataba mdogo ndani ya tuzo yake. Ofisi yao ilibonyeza kitufe, ofisi yao ilijibu wakaguzi, nasi tulituma stakabadhi. Tarehe 1 Mei 2025 NIH ilitangaza kwamba haitatoa tena mikataba midogo ya namna hiyo kwa taasisi za nje mpaka uwepo mfumo mpya, ambamo taasisi ya nje itapewa tuzo yake yenyewe, iliyofungamanishwa na tuzo kuu lakini ikiwajibika kwa NIH moja kwa moja. Tangazo hilo lilikuja miezi michache baada ya Januari ya mwaka ule, misaada ya Marekani iliposimamishwa, na wengi walilisoma kama pigo juu ya pigo. Waliokuwa katikati ya miradi walikuwa na haki ya kulisoma hivyo. Mimi nalisoma pia kama mtihani wa ofisi. Kwa miaka mingi tumelalamika kwamba tunafanywa wakusanya damu na wajaza dodoso wa miradi ya wengine. Sasa mlango wa tuzo ya moja kwa moja unafunguliwa, hata kama anayeufungua hana huruma nasi. Chuo ambacho hakina mtu anayejua kujaza taarifa ya fedha ya mwaka kwa fomu za mfadhili kitaupitaje?

Hapo ndipo tunapofika kwenye fedha za uendeshaji, na naomba msomaji anivumilie, kwa sababu ndipo penye kidonda. NIH huzilipa taasisi zilizo nje ya Marekani asilimia 8 ya gharama za moja kwa moja, ukiondoa vifaa vikubwa, kwa ajili ya gharama zisizo za mradi maalumu, hasa za kutimiza masharti yake. Vyuo vya utafiti vya Marekani hujadiliana kiwango chao na serikali, na vingi viko juu ya asilimia 50. Kwa hesabu ya juujuu, mradi wa dola 500,000 huiachia taasisi ya Moshi au Kampala dola 40,000, na hukiachia chuo cha Marekani chenye kiwango cha asilimia 55 dola 275,000. Februari 2025 NIH ilipotaka kuvishusha vyuo vya kwao hadi asilimia 15, vilikimbilia mahakamani ndani ya siku chache, vikieleza kwamba kwa kiwango hicho utafiti utaumia, na mahakama ikazuia. Sawa. Sisi tunaendesha kwa 8, na hakuna aliyekwenda mahakamani kutusemea.

Lakini kulalamikia 8 ni rahisi kuliko kuuliza 8 yenyewe ilikwenda wapi. Katika vyuo vingi huingia mfuko mkuu, ikachanganyika na ada na kodi ya kantini, ikanunua matairi na kulipia vikao. Ofisi ya utafiti hupata meza na mkurugenzi ambaye ni profesa mwenye madarasa matatu na wodi. Wanaoijua kazi, yaani kijana anayejua kupanga bajeti na dada anayejua tarehe za SAM, huajiriwa na mradi, kwa mkataba wa mradi. Mradi ukiisha wanahamia shirika lisilo la kiserikali la jirani, mara nyingi lile lile lililokuwa mshirika wetu, kwa mshahara mara mbili. Tumewafundisha, wengine wanavuna. Nani amewahi kuona seneti ikijadili ajira ya kudumu ya msimamizi wa ruzuku kwa uzito ule ule inaojadili joho la mahafali?

Tumewahi kupata nafasi. Mwaka 2010 ulianza mpango wa MEPI, uliotoa takriban dola milioni 130 kwa miaka mitano kwa vyuo vya tiba vya Afrika, vikiwemo vya Moshi, Nairobi na Makerere. Pamoja na kuongeza madaktari na kuwabakisha nyumbani, lengo lake mojawapo lilikuwa utafiti unaotoka kwenye mahitaji yetu. Fogarty, kitengo cha NIH cha afya ya kimataifa, kilikuwa pia na ruzuku ya G11 iliyowalenga watu wa utawala wa utafiti wenyewe. Kwa hiyo wafadhili walilijua jambo hili kabla yetu. Na CARTA, muungano wa vyuo ulioanzishwa 2008 chini ya uongozi wa kituo cha utafiti cha APHRC cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, uliona mapema kwamba kumfundisha mwanafunzi wa uzamivu bila kumfundisha mtunza maktaba, mhasibu na msajili wa chuo chake ni kumrudisha kwenye ukuta. Ndiyo maana ninauheshimu kuliko mipango mingi yenye fedha nyingi.

Sasa makala. Ya kwanza, kutoka Mwanza, inahusu yanayotokea baada ya kushinda, na ndiyo niipendayo kuliko zote. Mwandishi anafuata boksi moja la vitendanishi tangu ombi la ununuzi hadi jokofuni: kupita kwenye mfumo wa manunuzi ya umma wa NeST, kurudishwa kwa kukosa kibainishi, kusubiri bandarini, kufika vikiwa vimebakiza miezi michache ya uhai. Haulaumu mfumo, na hapo ananishinda busara. Anaonesha kwamba ofisa manunuzi wa chuo alikuwa hajui tofauti ya kitendanishi na karatasi za kuchapia, na kwamba aliyemketisha na kumweleza ni mtafiti mwenyewe, kwa muda ambao angekuwa anachambua data. Kila mkuu wa kitivo aisome.

Makala ya pili inatetea warsha. Imeandikwa vizuri na sikubaliani nayo, isipokuwa mahali pamoja: inapopendekeza fedha za ukumbi zigeuzwe kulipia wasomaji. Andiko lisomwe na watu watatu, mmoja wao asiye wa fani hiyo, wiki sita kabla ya tarehe ya mwisho, wakae mezani na kulipatia alama kama wapimaji watakavyofanya, mwandishi akiwa kimya pembeni. Hilo linafaa. Hasa ule ukimya. Mhadhiri wa kwetu amezoea kutetea tasnifu, na akiulizwa hujibu. Lakini mpimaji wa NIH hatamuuliza kitu; atasoma kurasa 12 akiwa ndani ya ndege na kuhukumu alichokiona. Wengi hugundua siku hiyo kwamba wazo lao zuri kuliko yote lilikuwa ukurasa wa tisa.

Kuhusu muda, makala ya tatu inasema yote kwa ukali unaostahili: anayefundisha asubuhi, anayezunguka wodi, anayesahihisha mitihani ya vitendo na kushika zamu ya usiku hana saa za kufikiri, na kumwambia aandike wikiendi ni kumwomba mkewe au mumewe afadhili utafiti wa taifa. Vyuo vinavyowapunguzia vipindi walioshinda ruzuku vinampa nafuu aliyekwisha kupona. Muda unahitajika kabla, kwa anayeandika ombi lake la kwanza.

Kuna pia makala fupi juu ya ruzuku ya K43 ya Fogarty kwa wahadhiri chipukizi wa nchi zetu, yenye maelekezo ya kufuatwa hatua kwa hatua, na nyingine juu ya vibali vya Tanzania, vya maadili kutoka NIMR na vya utafiti kutoka COSTECH. Zisomwe na wanaozihitaji.

Ya mwisho inarudia wito wa serikali kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti, ahadi ya Umoja wa Afrika ya Khartoum, 2006. Tumeichapisha kwa sababu ni haki. Lakini Kenya iliandika asilimia 2 ndani ya sheria yake ya sayansi ya 2013, na Hazina ya Nairobi haikutetemeka. Naogopa kwamba wito huu umekuwa kichaka chetu: tunaidai Hazina ile asilimia 1 kwa sauti kubwa, huku ile asilimia 8 iliyokwisha kuingia benki tukiiacha inunue matairi. Chuo kinaweza kuamua kesho, bila Bunge wala mfadhili, kwamba nusu ya fedha za uendeshaji za kila mradi zinabaki kwenye ofisi ya utafiti na kulipa ajira mbili za kudumu, na kwamba nywila inashikwa na zaidi ya mtu mmoja. Uamuzi wa namna hiyo unahitaji kikao kimoja cha baraza.

Toleo lijalo litaendelea na mada hii, na safari hii tunawaomba wasioandika kwenye majarida: wahasibu wa miradi, maofisa manunuzi, wasimamizi wa ruzuku, madereva wanaojaza daftari la safari. Maprofesa tunao wa kutosha. Makala zisizidi maneno 2,000, hesabu ziwe kwa shilingi na dola, na anayehofia mwajiri wake anaweza kuandika bila jina. Tutalinda siri yake.