Simba Hayupo, Musi Yupo

Kila tunapopanga matembezi ya jumuiya, swali la kwanza ni lile lile: "Huko msituni hakuna simba?" Anayeuliza hatanii sana. Wengi wetu tulioishia hapa Maine, Portland na Lewiston, msitu tuliujua kwa kukimbilia humo, si kwa kutalii. Ndiyo maana mtu anaweza kukaa miaka minane katika jimbo ambalo karibu asilimia 90 ya ardhi yake ni misitu, akajua njia ya kazini na ya kanisani au msikitini, basi.

Juni tulikwenda. Magari matatu, chapati na chai kwenye chupa, tukaondoka Portland saa nane za usiku ili tufike alfajiri Hifadhi ya Baxter. Mahali hapa pana kisa chake: Percival Baxter, aliyekuwa gavana, alitaka bunge la jimbo liununue Mlima Katahdin, wabunge wakakataa, akaununua kwa fedha zake mwenyewe na kulikabidhi jimbo mwaka 1931 kwa sharti kwamba pori libaki pori. Hadi leo gari lenye namba za Maine halilipi kiingilio. Hayo tunayaandika kwa wale wanaosema utalii ni wa wenye fedha.

Kutoka kambi ya Roaring Brook hadi bwawa la Sandy Stream hakufiki hata kilomita moja. Bibi mmoja wetu mwenye goti bovu aliimudu njia kwa fimbo. Pale majini alisimama musi jike, kichwa chote kimezama. Wenzetu waliosoma Kifaransa humwita orignal. Sisi tumezoea musi, jina lililotoka kwa wenyeji asilia wa upande huu wa bara. Alipoinua kichwa, tuliyasikia maji yakichuruzika kutoka kwenye pua, na majani yananing'inia mdomoni. Mabega yana nundu kama fahali wetu, pua ndefu ya farasi, miguu utadhani ameiazima kwa twiga.

"Mama, ng'ombe anaoga!"

"Nyamaza, baba."

Haogi. Majani ya miti hayana chumvi ya kumtosha, lakini majani ya majini yanayo, ndiyo maana kiangazi humkuti mbali na bwawa. Pembe hana kwa kuwa ni jike. Dume huziota upya kila mwaka na kuziangusha majira ya baridi, tofauti na pofu wa kwetu ambaye zake zikishaota huzeeka nazo.

Ndama alikuwa nyuma yake kwenye vichaka. Hapo ndipo kijana wetu mmoja, simu mkononi, alipoanza kumsogelea. Jike akalaza masikio, manyoya ya shingoni yakasimama. Mzee mmoja alimvuta kijana kwa ukosi wa shati bila kusema neno. Tunalisema sisi: hiyo picha haikuwa na thamani ya mbavu zako. Musi akikujia, kimbia, uweke mti kati yako na yeye.

Kinachotusumbua ni kwamba tunamwogopa simba asiyekuwepo, na vilivyopo hatuviogopi. Wangapi kati yetu hurudi na gari usiku kutoka zamu za mbali? Musi ni mweusi kama lami, na kwa urefu wake macho yake huwa juu ya mwanga wa taa zako, hivyo hayang'ai kama ya swala. Ukimgonga, unamgonga miguu, na mwili wa kilo 400 unakuangukia kwenye kioo. Punguza mwendo jioni na alfajiri, hasa Mei na Juni.

Halafu kupe. Wale wadogo wa kwenye majani huleta ugonjwa wa Lyme. Ingiza suruali ndani ya soksi, na ukirudi nyumbani wakague watoto mpaka nyuma ya masikio.

Garini bibi aliuliza yule ndama atalala wapi theluji ikianguka. Theluji si adui yake. Adui ni kuchelewa kwake. Kuna kupe wengine wa majira ya baridi wanaompanda musi wakati wa vuli, na vuli ikirefuka huwa makumi ya maelfu kwenye mnyama mmoja. Kufikia Aprili ndama wengi wamenyonywa hadi kufa. Mwaka 2021 jimbo liliongeza vibali vya kuwinda majike katika eneo moja karibu na mpaka wa Quebec, lione kama musi wakipungua na kupe watapungua. Bibi alisikiliza, akaguna.

Safari ijayo ni Novemba, na itakuwa Jumapili, siku ambayo uwindaji hauruhusiwi Maine. Hata hivyo njoo na kitu cha rangi ya machungwa, uonekane kwa mbali. Bibi keshaandikisha jina. Goti, anasema, litajijua lenyewe.