Ramani ya ukutani haitakuokoa

Leo nataka kulalamika kidogo.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kwenye ofisi moja hapa Nairobi. Nusu ya tarakilishi zilikuwa zimepoteza intaneti tangu asubuhi, na siku hiyo ndiyo mishahara ilipaswa kutumwa benki. Kijana wa IT ndiye aliyenyooshewa kidole, eti amegusa kitu. Ukutani palikuwa na ramani ya mtandao, imechapishwa kwa rangi, inapendeza. Ilikuwa na umri wa miaka miwili.

Tulifuata kebo moja moja hadi saa nane mchana. Chini ya meza ya mapokezi tukakuta ruta ndogo ya nyumbani ambayo mtu aliichomeka ili simu yake ipate Wi-Fi. Kumbe ilikuwa ikigawa anwani za IP kwa kila tarakilishi iliyoomba, na iliyopewa anwani hiyo ilipotea njia. Kwenye ramani haikuwepo. Kijana hakuwa na kosa, lakini nusura afutwe kazi.

Maoni yangu ni haya: ramani ya mtandao iliyochorwa kwa mkono huanza kudanganya siku ileile inapokamilika. Kazi hiyo tuiachie programu.

Wala si uchawi. Chukua Nmap, programu ya bure ambayo Gordon Lyon aliitoa mwaka 1997. Ukiwa msimamizi wa mashine yako, andika:

nmap -sn 192.168.1.0/24

Itapita kwenye anwani zote 256 ikiuliza nani yupo. Ndani ya mtandao wako inatumia ARP, kwa hiyo hata mashine iliyozuia ping kwa kawaida hujitokeza. Mara nyingi inakuonyesha pia jina la kampuni iliyotengeneza kifaa. Ile ruta ingejulikana kwa dakika chache.

Nmap inakuambia nani yupo. Ukitaka kujua yuko wapi, kuna Netdisco, nayo ni programu huria. Inaziuliza swichi zako kwa SNMP: kifaa hiki kimechomekwa tundu gani? Majibu inayahifadhi, hivyo unaona kifaa kilionekana lini mara ya kwanza na mara ya mwisho. Sharti swichi ziwe zile zinazokubali kuulizwa, si zile za bei ya chini kabisa.

Zina mipaka. Kifaa kilichozimwa hakijibu. Simu nazo, tangu Android 10 ya mwaka 2019, hutumia anwani ya MAC ya kubuni, kwa hiyo usitegemee kuitambua simu kwa anwani hiyo peke yake. Tena programu haijui kifaa ni cha nani wala kwa nini kipo. Hilo lazima binadamu aulize na aandike.

Na tafadhali, pata ruhusa kwa maandishi kabla ya kupekua mtandao usio wako. Kenya ina sheria ya uhalifu wa kompyuta tangu 2018, na "nilikuwa najifunza tu" si utetezi.

Wengine watasema, "Sisi tuna mashine thelathini tu." Ofisi ile haikuwa na nyingi zaidi ya hizo. Je, ukiulizwa sasa hivi una vifaa vingapi kwenye mtandao wako, utajibu bila kubahatisha? Kama huwezi, anza na ile amri moja leo, kabla mtu mwingine hajabebeshwa lawama isiyo yake.