Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya wa Zanzibar: Safura na Ardhi Tunayoikanyaga

Mheshimiwa Waziri,

Naomba idhini yako nikuletee, hadharani mbele ya wasomaji, haja moja ihusuyo ardhi ya Pemba na damu ya watoto wake.

Wazee wetu walipomwona mtu viganja vimempauka, uso umemvimba, na pumzi zinamwishia kwa kupanda kilima kidogo tu, walisema ana safura. Na matabibu wametubainishia kwamba maradhi hayo huletwa na mnyoo wa kiasi cha sentimita moja, ambaye hujishikiza katika utumbo akanyonya damu usiku na mchana. Mayai yake hutoka pamoja na kinyesi, yakaanguliwa katika udongo wenye kivuli na unyevu, na muda wa juma moja hivi ukipita, viluwiluwi vyake huwa tayari kupenya ngozi ya mguu wowote utakaopita, kisha vikafuata damu hadi mapafuni, vikapanda kooni na kumezwa. Mtaalamu wa Kijerumani Arthur Looss, aliyekuwa akifanya kazi Misri mwishoni mwa karne ya 19, aliyagundua hayo mwilini mwake: alimwagikiwa mkononi na maji yenye viluwiluwi, ngozi ikamwasha, na baada ya wiki kadhaa mayai ya mnyoo yakaonekana katika choo chake.

Basi na tuitazame ardhi ya chini ya mikarafuu, yenye kivuli, majani yaliyooza na unyevu wa mvua. Msimu wa mavuno ukiingia, wachumaji huvua viatu wapate kuparamia matawi, na watoto huinama pekupeku kuokota karafuu zilizopukutika. Na aliyeshikwa na haja humo shambani, choo kikiwa mbali au hakipo kabisa, huimaliza nyuma ya shina, mahali pale pale ambapo siku chache baadaye mwenziwe atatia mguu.

Siikanushi ihsani ya Serikali. Tangu miaka ya 1990 wanafunzi wa Pemba wamekuwa wakigawiwa vidonge vya minyoo, na Chake Chake ipo Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, ambayo tafiti zake juu ya maradhi haya zinajulikana mbali na visiwa vyetu. Walakini kidonge humtoa mnyoo aliyekwisha kuingia, wala hakimzuii atakayeingia kesho. Ndiyo maana mtoto aliyetibiwa leo, akirudi katika udongo ule ule, huweza kuambukizwa tena baada ya miezi michache. Hali kadhalika mama mjamzito hupewa kliniki vidonge vya kuongeza damu, ilhali utumboni mwake yumo mnyoo anayeinyonya. Kugawa dawa pasipo choo ni kuteka maji kwa pakacha.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, naomba mambo mawili. La kwanza, kila taarifa ya Wizara yako itakayotaja idadi ya vidonge vilivyogawiwa itaje pia, skuli kwa skuli, vyoo vinavyotumika na maji ya kunawia, ili Baraza la Wawakilishi lipime mambo yote mawili kwa mizani moja. La pili, ushauriane na mwenzio wa Kilimo ili kila anayekodishwa mikarafuu ya Serikali afungwe na sharti la kuchimba choo shambani kabla ya uchumaji kuanza, na bwana afya apewe mamlaka ya kukikagua.

Gharama ya shimo na paa la makuti si kubwa mbele ya thamani ya karafuu zitakazochumwa hapo. Msimu ujao usianze kabla ya sharti hilo kuandikwa katika mikataba.

Wabillahi tawfiq.

Mimi raia wako mtiifu,
Wete, Pemba