Mashauri ya Nyumbani: Motokaa ya Watoto, na Ushahidi wa Madereva

Katika mambo yanayoshughulisha watu wa nyumba siku hizi, baada ya kuozesha na kujenga, ni hili la kununua motokaa. Wala si ajabu. Kwa wengi wetu fedha zinazokwenda hapo ni akiba ya miaka, na huenda baba asipate tena maishani mwake kutoa fedha nyingi kama hizo kwa siku moja. Kwa hivyo kabla ya kutoa huuliza, na anaowauliza ni madereva: jirani aliye na gari kama lile, dereva wa teksi, shemeji aliyekwenda nalo Songea na kurudi. Hili ni jema, kwani dini yetu imetuhimiza kushauriana. Lakini dereva anayeulizwa juu ya gari ni shahidi, na shahidi yataka ajulikane alipokuwa amesimama alipoona.

Tujue kwanza ni motokaa gani tunayoisema. Katika Tanzania na Kenya, motokaa mpya ya nyumba mara nyingi ni mpya kwetu tu. Imekwisha tumika Japani miaka saba, minane au zaidi. Haikuuzwa huko lazima kwa ubovu. Wajapani wana sheria ya ukaguzi: gari jipya hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2, nao ukaguzi una gharama, basi wengi huona afadhali wauze wanunue jingine. Nao hupita kushoto mwa njia kama sisi, usukani ukiwa kulia, ndipo biashara hii ikashika. Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililopindukia miaka 8. Tanzania huruhusu, ila makongwe huongezewa ushuru.

Sasa wakalishe madereva barazani uwasikilize. Wa kwanza atakuambia, chukua Toyota Premio na usiulize tena. Injini ya lita 1.5 hainywi mafuta sana, spea zimejaa kila duka, na hata fundi wa chini ya mwembe anaijua. Na kweli anasema. Premio iliundwa tangu mwaka 2001 hata 2021, na gari lililokaa miaka ishirini katika soko huwa limekwisha fundisha mafundi wengi. Wa pili atasema, hiyo ni gari ya ofisini. Mwenye watoto achukue Noah, yenye milango ya kutelezesha na viti vya watu saba au wanane. Wa tatu yuko kati yao na Wish yake, iliyo fupi kwa kimo lakini ina safu tatu za viti. Wa nne huwacheka wote watatu. Yeye ana Harrier, au Forester, au X-Trail, naye husema kwamba barabara zetu zataka gari lililoinuka.

Ndugu msomaji, wote wanne wamesema kweli, na bado yamkini wote wamekupoteza. Yule wa Premio huenda kazini peke yake asubuhi, hurudi peke yake jioni. Hajapata kulipakia watu watano na magunia mawili ya mchele ya harusini, akaona linavyokalia magurudumu mpaka tumbo likakwaruza tuta. Gari lile likiwa tupu liko juu ya ardhi sentimita kumi na kadhaa tu. Likijaa, utatoa sadaka kila tuta. Yule wa Noah ni dereva wa abiria, humsifu kwa sababu viti vingi humletea nauli nyingi. Na yule wa gari refu ukimwuliza mara ya mwisho alipotoka katika lami, atafikiri kitambo.

Basi usimwulize dereva, “Gari hili zuri?” Atasema zuri, kwani hapana mtu apendaye kukiri mbele ya barazani kwamba akiba yake aliitupa. Mwulize: Hubeba watu wangapi, na njia gani? Mwezi uliopita ulitia mafuta ya shilingi ngapi? Ni kitu gani ulichobadilisha mwisho, na fundi alikaa nalo siku ngapi? Na umelinunua wewe, au ni la tajiri wako? Maana dereva asiyelipa fundi hulisifu gari kwa mbio zake, na anayelipa hulisifu kwa ukimya wake. Ushahidi wa huyu wa pili ndio wa kununulia.

Wazee wetu wanapoisifu Peugeot 404 mpaka leo, hawakuifuata jina. Gari lile lilishinda mashindano ya Safari ya Afrika ya Mashariki mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, katika tope na vumbi vile vile walivyopita wao kwenda kuwaona jamaa zao. Ushahidi ulitoka katika njia zao wenyewe. (Ingawa wakisimulia hawasemi kwamba watoto wengi walikaa nyuma bila ya mkanda wowote.)

Na hapa pana shahidi asiyeulizwa kamwe, naye ni mama wa watoto. Yeye ndiye anayemfunga mchanga, anayemshusha bibi aliyeumwa na magoti, anayejua kwamba mlango ukifunguka upande wa barabara mtoto hutoka kabla ya kuitwa. Mlango wa kutelezesha ambao kijana huona ni wa gari la abiria, kwake ni nusu ya usalama. Mwanamume anayenunua gari la nyumba bila ya kumkalisha mkewe katika kiti cha nyuma robo saa amenunua gari la kwake, si la nyumba.

Lilizidi kutuudhi sana ni hili la kuhesabu watu. Nyumba ina wazazi wawili na watoto watano, gari lina viti vitano, na kila mmoja husema, “Watoto ni wadogo, watabanana.” Huyu juu ya mapaja, yule kasimama baina ya viti viwili vya mbele. Gari likisimama ghafula katika mwendo wa kilomita 60 kwa saa, mikono ya mama haiwezi kumzuia mtoto, hata awe na nguvu namna gani, na yule aliyesimama kati hana kilicho mbele yake ila kioo. Hesabuni mikanda kabla ya kuhesabu viti. Watu saba wataka mikanda saba, mmoja mmoja ivuteni kwa mkono muone kama yashika, maana katika magari yaliyotumika ile ya safu ya nyuma mara nyingi imezama chini ya mito. Kama fedha hazifikii gari la mikanda saba lenye afya, basi afadhali gari la mikanda mitano na safari mbili.

Tena kuna jambo ambalo dereva hata akiwa mkweli kama nini hawezi kulishuhudia, kwa kuwa halionekani. Kampuni moja ya Kijapani, Takata, iliunda mifuko ya hewa inayofumuka katika usukani ili kumkinga dereva. Ndani yake mlikuwa na dawa ya kulipuka ambayo kwa miaka ya joto na unyevu huharibika. Basi siku ya ajali, pengine ajali ndogo, hulipuka kupita kiasi, ikarusha vipande vya chuma usoni mwa mtu. Wamekufa watu kwa sababu hiyo katika Marekani, Malaysia na kwingineko. Magari ya Toyota, Honda, Nissan, Mazda, Subaru na mengineyo yaliitwa yarudishwe kubadilishwa, kwa mamilioni, na kampuni yenyewe ilifilisika mwaka 2017. Tazama sasa: kinachoiharibu dawa ile ni joto na unyevu, nasi tunakaa Tanga, Mombasa, Unguja na Dar es Salaam! Dereva aliyeliendesha gari lake miaka kumi bila ya ajali atakuambia ni salama, wala hasemi uwongo, hajui tu. Dawa yake si ngumu. Kila gari lina namba ya chesesi, na makampuni ya Kijapani yameweka mahali pa kuitazamia namba hiyo, pakaonyesha kama gari liliitwa na kama lilitengenezwa. Mwenye simu ya mkononi atamaliza kazi hii kabla chai haijapoa. Na utakapofungua swichi, tazama taa ya mfuko wa hewa: yapasa iwake, kisha izime baada ya sekunde chache. Isipozima, pana kasoro. Isipowaka kabisa, huenda mtu ameing'oa ili usione kasoro.

Magurudumu nayo yasema umri wake. Ubavuni mna namba nne mwishoni mwa herufi za DOT: 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Tairi laweza kung'aa kwa rangi likawa limekauka. Na gari lililopita mnadani Japani huwa na karatasi yake ya mnada, yenye kilomita na daraja. Ukiona herufi R mahali pa daraja, ujue lilikwisha pata ajali likatengenezwa. Idai karatasi hiyo. Muuzaji akikuambia imepotea, na kilomita zikasemwa 60,000 huku pedali ya breki imelika mpaka chuma, umekwisha jibiwa.

Redio mtajionea wenyewe: za Japani hazifiki masafa ya idhaa zetu nyingi, na wengi huja kugundua usiku wa kwanza wa Ramadhani walipotaka kusikiliza darsa. Hilo ni dogo.

Turudi kwa anayeulizwa. Ndugu zetu wengi huona haya kusema aibu ya gari la mtu, wakidhani ni kusengenya. Fulani analiuza gari lake, wewe wajua gia boksi yake iliwahi kuvunjika, kwa kuwa ilitiwa mafuta yasiyo yake, jirani anakuja kukuuliza, nawe wasema, “Mimi simo.” Hapa wanavyuoni wamesema wazi. Imam Nawawi, katika kitabu chake Riyadhus Salihin, amehesabu mahali panapojuzu kumtaja mtu kwa asichokipenda, na miongoni mwake ni kuwanasihi Waislamu na kuwahadharisha, kama mtu anayetaka kununua kitu chenye aibu asiyoijua. Sema kadiri ya haja, usiongeze, usiingize ugomvi wenu wa mpaka wa shamba. Lakini ukinyamaza, watoto wa jirani yako ndio watakaopanda gari lile.

Kwa muuzaji jambo ni zito zaidi. Sote twaijua khabari ya Mtume, rehema na amani zimshukie, alipotia mkono ndani ya rundo la nafaka sokoni akakuta umajimaji chini, akamkemea mwenyewe kwa kuuficha. Siku hizi rundo ni injini iliyooshwa kwa sabuni ili mvujo wa mafuta usionekane, na mafuta mazito yaliyotiwa ili isigonge mpaka hundi ipite.

Juu ya fedha tutasema kwa ufupi, kwani tumekwisha andika mara nyingi. Mkopo wa riba hauwi halali kwa sababu kilichonunuliwa kinapeleka watoto madrasa. Kenya zimekuwako benki za njia ya Kiislamu tangu 2008, na Dar es Salaam Amana Bank ilifungua mwaka 2011; huko yawezekana benki ilinunue gari, likawa lake, kisha ikuuzie kwa bei na faida mliyopatana, isiyozidi ukichelewa. Ila tazama kwamba benki imelimiliki kweli kabla ya kukuuzia. Likiwa limebadilishwa jina katika karatasi tu na fedha zikapita mkononi mwako, ulizeni wanavyuoni kabla ya kutia sahihi. Na anayeagiza mwenyewe kutoka Japani asihesabu kwa bei ya Yokohama. Tanzania, mamlaka ya mapato ina orodha yake ya thamani za magari yaliyotumika, nayo Kenya ina yake. Ushuru hutazamia hizo, hata kama wewe ulibahatika ukanunua rakhisi. Wengi gari lao limelala bandarini wakihangaika kukopa, na gharama za kulaza zikizidi kila siku.

Mwisho, lile neno la madalali: “Nakuuzia kama lilivyo, hapo hapo lilipo.” Hudhani limewaosha. Katika madhehebu yetu ya Shafi, sharti la kujivua na aibu zote halimwokoi muuzaji ila katika aibu ya ndani ya mnyama ambayo mwenyewe hakuijua. Motokaa si mnyama. Aibu iliyokuwamo kabla ya kuuza, ikadhihiri baadaye, inampa mnunuzi haki ya kurudisha, maadamu hakuchelewa baada ya kuijua. Na zaidi ya hiyo, mnaweza kushartiana khiyari ya siku zisizozidi tatu. Iandikeni mbele ya mashahidi wawili, na siku hizo tatu mlipakie gari watu wote wa nyumba, mlipeleke katika njia yenu ile mbaya, mlipandishe mlima, mlizime, mliwashe likiwa moto, kisha mlilaze usiku juu ya karatasi nyeupe mwone asubuhi ni nini kimedondoka.