Kompyuta Mpya, Viungo vya Zamani

Baba mmoja wa familia, msomaji wetu wa Lubumbashi, ametuletea swali ambalo yamkini wengi wanalo. Anayo kompyuta ya mezani aliyoinunua mwaka 2013. Kwayo watoto wake wamejifunza kuandika, na mkewe hutunza hesabu za duka. Sasa imechoka; tena haikubali Windows 11, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Mshahara haumruhusu kununua nyingine nzima. Ataka kuunda mpya kwa kutumia viungo vya ile ya zamani. Je, afanya vema?

Afanya vema, twamjibu, ila achague. Sanduku la chuma halizeeki, maadamu ubao mkuu mpya ni wa kipimo kinacholifaa. Kioo, kibodi na kipanya vitaendelea na kazi. Lakini vipande vya kumbukumbu vya mwaka ule kwa kawaida ni vya namna ya DDR3, na ubao wa leo hutaka DDR4 au DDR5. Pengo lililokatwa ukingoni mwake limewekwa mahali pengine makusudi, ili mtu asikosee. Aonaye kipande kinakataa, asikisukume.

Kisanduku kigawacho umeme asikirithi, hata kama kingali kikifanya kazi. Mjini umeme hukatika na kurudi kwa nguvu, na kapasita zilizomo ndani hudhoofika kwa joto na miaka. Siku kitakapoharibika chaweza kuua pamoja nacho vyote vilivyonunuliwa vipya. Akibana fedha, abane kwingine.

Na nyaya je? Hapo tuna neno la kuungama.

Miaka michache iliyopita tuliunda nyumbani kwetu kompyuta ya namna hiyohiyo. Tulinunua kisanduku kipya cha umeme, cha aina ambayo nyaya zake huchomoka pande zote mbili. Zile za zamani zilikuwa zimekwisha kupangwa vizuri ndani ya sanduku, zikifika mpaka kwenye diski. Tukaona ni kazi bure kuzitoa. Tukachomeka vichwa vyake katika kisanduku kipya, navyo vikaingia bila taabu yoyote. Tukawasha. Mara tukasikia harufu ya kuungua.

Kumbe watengenezaji hawakupatana. Upande wa diski vichwa hufuata kanuni moja, lakini upande wa kisanduku kila mtengenezaji hupanga waya apendavyo, na hata yule mmoja hubadili mpango kutoka aina moja hadi nyingine. Kichwa chaingia, umeme hauna njia ileile: voliti 12 zikapita palipongojea voliti 5. Kipande cha kumbukumbu kisichofaa hukataa chenyewe, waya haukatai.

Katika diski ile mlikuwamo picha za mazishi ya mama yetu, na sauti yake akiwasimulia wajukuu hadithi. Hatukuwa na nakala. Fundi alitueleza kwamba sahani za ndani pengine ni nzima, ila yahitajiwa bamba la diski iliyo sawa kabisa na hiyo, na kulihamishia kijipande kidogo chenye vipimo vya diski yetu. Tungali tunalitafuta. Diski i kabatini, imefungwa katika kitambaa.

Basi, baba mpendwa, kabla hujalegeza skrubu ya kwanza, nunua au azima diski ya nje, unakili yote, kisha ufungue faili kadhaa katika nakala hiyo uone kama zasomeka. Nyaya za zamani zitie katika mfuko mmoja na kisanduku chake. Wala usiwaache vijana wazichome ili kupata shaba, ingawa pengine shaba hiyo ilitoka katika ardhi ya Katanga yenyewe: moshi wa ganda lake una sumu, nao hukaa uani wanapocheza wadogo.

Ukisha kuunganisha ubao, prosesa na kumbukumbu, washa kwanza pasipo diski ya zamani. Kioo kikionyesha maandishi, zima, chomoa umeme ukutani, ndipo uiunganishe diski, kwa waya uliokuja na kisanduku kipya.