Mama alichemsha mayi. Na sisi?

Vijana wenzetu wa Ibanda, Kadutu na Bagira,

Wengi wetu usafi hatukuujifunza chuoni. Tuliujifunza kwa mama. Alichemsha mayi usiku, akayaacha yapoe, akayatia ndani ya bidoni yenye kifuniko, akatukataza kuchota kwa mkono. Leo diploma tuko nayo, kazi hatuna, lakini tukipewa mayi tunauliza kwanza: yamechemshwa? Hiyo ni kazi ya mama.

Lakini tuseme ukweli wote. Siku makala yalipokosekana, mama yule yule alitupa mayi ya ziwa vile yalivyo. Na hiyo pia tuliijifunza: kusema "hakuna neno, tumezoea". Ndiyo maana kipindupindu hakiishi huku Kivu. Watu wanakiita ugonjwa wa mikono michafu, kisha wanalaumu bamama. Hapana! Mama anayechagua kati ya makala ya kupika chakula na makala ya kuchemsha mayi si mchafu. Amenyimwa haki. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 48, inahakikisha haki ya kupata mayi safi ya kunywa.

Basi tufanye mambo mawili. Nyumbani, sisi vijana wanaume pia tubebe bidoni na tuchemshe mayi, juu wadogo zetu wanatuangalia. Na inje, tuulize wenye mamlaka bila kuchoka: robine zetu zitatoa mayi lini?

Mama alifanya sehemu yake. Imebaki yetu, na yao.