ANAYEOSHA VYOMBO NDIYE ACHAGUE

Wako watu ambao wakiona tunaandika habari za kuosha vyombo watacheka. Watasema gazeti lina mambo makubwa ya kuandika, kwa nini lishike beseni na dodoki? Sisi twawajibu kwamba hakuna nyumba isiyoosha vyombo, wala hakuna kazi ya nyumbani inayorudiwa kama hiyo: asubuhi baada ya chai, mchana baada ya ugali, usiku baada ya chakula cha jioni. Kazi ya mara tatu kwa siku yapita mara 1,000 kwa mwaka. Ikifanywa kwa kifaa kibaya, basi ni mara 1,000 za kuchosha mikono ya mama na dada zetu, na mara 1,000 za kukaribisha maradhi mezani. Jambo la namna hiyo si dogo.

Na tuanze na lile lililo chungu. Katika nyumba nyingi tunazopita tukizungukia matawi, anayechagua vifaa vya kuoshea siye anayeosha. Baba hununua redio, hununua simu, hununua sahani za maua kwa ajili ya wageni. Mama akiomba beseni la pili huambiwa kwamba lililopo linatosha. Basi beseni hilo moja humwogesha mtoto asubuhi, hufulia nguo mchana, na jioni huoshea vyombo. Mtoto akiharisha, watu huulizana nani kamroga! Hakurogwa. Uchafu wa nepi zake mwenyewe umemrudia kikombeni. Kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara damu hupita kinywani, kwa maji na chakula kilichoguswa na kinyesi, na beseni la kazi zote ni daraja zuri la kuyavusha.

Kwa hiyo neno letu la kwanza ni hili: mabeseni kwanza, sahani za maua baadaye. Yakipatikana matatu ni vyema: moja la maji ya sabuni, la pili la kusuuzia, la tatu la kusuuzia mara ya mwisho. Yakipatikana mawili tu, yatengwe yawe ya vyombo peke yake, na yawe na rangi yao, ili hata mtoto mdogo ajue kwamba hili halifulii nguo. Maji yakichafuka yamwagwe. Ndiyo maana twaanza na bilauri na vikombe, twafuata sahani, na sufuria zenye mafuta twazileta mwisho.

Neno la pili ni kisugulio. Hapa watu wamegawanyika. Wako wanaodhani kwamba cha dukani ndicho cha kistaarabu, na anayetumia dodoki au kumbi la nazi ni mshamba. Wako tena wanaodhani kwamba kila cha wazee ni bora, na kila kilichotoka kiwandani ni sumu. Wote hawa hawapimi. Sisi twasema kisugulio kipimwe kwa swali moja: je, chakauka upesi?

Kwa nini kukauka? Kwa sababu vijidudu vyapenda unyevu na mabaki ya chakula. Mwaka 2017 wataalamu wa Ujerumani walitangaza matokeo ya kuchunguza sponji 14 zilizotumika jikoni. Katika sehemu fulani walikuta vijidudu zaidi ya bilioni 50 katika sentimita 1 tu ya ujazo. Si vyote vinavyoleta ugonjwa, lakini sponji ni nyumba yao nzuri: laini, yenye vishimo vingi, na yenye maji ndani siku nzima. Tena sponji ambazo wenyewe walisema huzisafisha mara kwa mara hazikuwa na vijidudu vichache kuliko nyingine. Shauri la wataalamu hao lilikuwa kuibadilisha sponji kila wiki. Na ni nyumba ngapi kwetu zinazonunua sponji mpya kila wiki? Hutumika mpaka ikawa vipande vipande, na hivyo vipande, kwa kuwa ni plastiki, huishia mtaroni.

Wataalamu wa Norwe nao, katika utafiti uliotolewa mwaka 2021, walilinganisha sponji na burashi ya kuoshea vyombo. Waliona kwamba burashi hukauka upesi zaidi, na kwamba kijidudu cha salmonela kiliyoyoma katika burashi iliyoachwa ikauke, lakini kilidumu katika sponji. Somo ni wazi. Burashi ya mpini, hata ikiwa ya kiwandani, ni kitu kizuri. Tusiikatae kwa kuwa imetoka dukani. Na sponji, hata ikiwa na rangi za kupendeza, si kitu cha kutegemea.

Sasa tutazame cha kwetu. Dodoki ni tunda la mmea unaotambaa, wa jamii moja na matango na maboga. Hupanda wenyewe juu ya ua au mti. Tunda liachwe lizeeke juu ya mmea mpaka ganda liwe kahawia na liwe jepesi mkononi. Kisha limenywe, mbegu zikung'utwe, wavu ule wa ndani uoshwe na kuanikwa juani. Dodoki moja refu hukatwa vipande kadhaa, na mbegu zake ndizo za kupanda msimu ujao. Wavu wake una nafasi za kupitisha hewa, kwa hiyo ukiutundika hukauka. Lakini tusidanganyane: dodoki likiachwa ndani ya beseni lenye maji litaoza kama kitu chochote cha shambani. Litundikwe, na likianza kunuka au kulegea litupwe. Halina gharama ya kulililia.

Watu wa pwani wana makumbi ya nazi. Nyuzi zake ni ngumu zaidi, zafaa kwa sufuria iliyoshika ukoko. Nazo vilevile hukauka, na zikichoka huozea shimoni bila kudhuru mtu.

Neno la tatu: kila chombo na kisugulio chake. Waya wa chuma ni wa sufuria iliyoungua, si wa kila kitu. Ukisugulia kikombe cha plastiki, wakitia mikwaruzo ambamo uchafu hujificha. Ukisugulia kikaango kisichogandisha, umekiua. Tena waya ukianza kukatika, vipande vyake vyaweza kubaki chomboni na kuingia katika chakula. Chungu cha udongo kisitiwe sabuni, maana udongo huinywa na kuirudisha katika mchuzi. Maji ya moto na kumbi vyatosha. Mwiko na ubao wa kukatia visilowekwe, vioshwe na kusimamishwa vikauke.

Na majivu je? Majivu yana magadi yanayokata mafuta, na chembe zinazosugua. Wazee wetu walijua. Lakini sufuria ya alumini haipendi magadi wala mchanga: huliwa kidogo kidogo na kuwa nyembamba. Hapa twataka kusema jambo ambalo litawaudhi wengine. Iko desturi ya kumpima mwanamke kwa mng'aro wa sufuria yake kwa nje. Mama wa watu husugua masizi mpaka vidole vyachubuka, ili jirani asimsengenye. Chakula kimo ndani ya sufuria, hakimo nje! Anayetaka kupunguza taabu, apake nje ya sufuria tope jembamba la majivu au sabuni kabla ya kuiteleka juu ya kuni; masizi yatatoka na tope lile kwa kusuuza tu. Sufuria yenye weusi kidogo nje, iliyo safi ndani, haina aibu.

Sabuni nayo ichaguliwe kwa maji. Mahali penye maji laini, kama ya mvua, sabuni ya mche yatosha. Mahali penye kisima cha maji magumu, kama sehemu nyingi za pwani, sabuni ya mche haitoi povu ila huacha utando. Huko sabuni ya maji ya vyombo hufanya kazi vizuri zaidi, na kidogo yake hufika mbali.

La mwisho ni kichanja. Vyombo vilivyooshwa vizuri kisha vikafutwa kwa kanga iliyoloa havikuoshwa. Kichanja cha fito au mianzi, kilichoinuliwa juu ya kuku, mbuzi na mbwa, chenye nafasi za kudondosha maji na kukaa juani, hujengwa kwa siku moja bila fundi. Vikombe vipinduliwe, sahani zisimame.

Twajua watakaosema kwamba haya yote ni kazi ya wanawake, sisi wanaume hayatuhusu. Nani basi anayekula katika sahani hizo? Mwanamume anayeshika kisu cha kukata fito aweza kujenga kichanja. Anayeshika fedha aweza kumpa mwenye kuosha zile za mabeseni na kumwachia achague mwenyewe, maana mikono yake ndiyo inayojua kipi kinachubua na kipi kinafaa. Kijana wa kiume naye ana mikono miwili. Na aoshe zamu yake, halafu ataona kama beseni moja latosha.

Kwa matawi yetu twatoa shauri jepesi. Kila ofisi ya tawi ina ua au mti. Pandeni madodoki hapo, na mbegu zigawiwe kwa wanachama. Msimu mmoja watosha. Mkutano ujao wa akina mama usiishie kwa hotuba. Waulizwe wamekosa nini jikoni, yaandikwe, na waume zao wasomewe orodha hiyo.

Shime, ndugu zetu! Nyumba ambayo mwenye kuosha hana sauti juu ya beseni lake bado ina kazi ya kufanya.